Kikuku cha dhahabu, bakuli la futari na harusi ya jirani

Swali: Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi. Nimezaliwa Voi, na tangu Januari nafundisha Lamu, nimepanga chumba mtaa wa Langoni. Ramadhani yote bi mkubwa wa nyumba ya pili alikuwa akinitumia futari, ingawa anajua mimi ni Mkristo na sifungi. Nilikuwa naosha bakuli na kumpa mtoto alirudishe. Tangu Idi hakijaja kitu, na tukikutana kichochoroni ananisalimu haraka haraka akapita. Nahisi nimemkosea. Juzi mama wa mwanafunzi wangu alinipa kifurushi mlangoni akaenda zake. Kufungua, nikakuta kikuku cha dhahabu, na mtihani wa kufunga muhula ni wiki ijayo. Sitaki kukichukua, na sitaki kumvunjia heshima. Kisha nimealikwa harusi ya binti wa jirani yule yule. Nifanye nini, na nipeleke nini?

Jibu: Mwalimu, nitaanza na kikuku. Bakuli linaweza kungoja, kikuku hakiwezi. Kila usiku kinapolala kabatini mwako, mama yule anazidi kuamini kwamba umekipokea, na ana haki ya kuamini hivyo. Kukipokea pale mlangoni hakukuwa kosa. Kwetu Lamu zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, asije akaonekana amekaa kungoja sifa, wala mpokeaji asije akasomwa uso. Kwa hiyo hukuwa na njia ya kujua umeshika nini. Sasa umejua, na kuanzia hapo siku zinahesabiwa juu yako.

Kabla ya kukirudisha, kijue kwanza. Dhahabu ya mwanamke wa hapa ni akiba yake. Ameipata kwa mahari, au kwa urithi wa mamake, au kwa kujinyima akaiongeza kidogo kidogo, na ni mali yake mwenyewe, mumewe hana fungu ndani yake. Siku ya shida ndiyo inayouzwa ili mtoto atibiwe au karo ilipwe. Kwa hiyo mama huyu amekupa kitu alichojiwekea kwa siku mbaya. Usiharakishe kumwita mtoa rushwa, hata moyoni mwako. Sisi tumelelewa katika kumtukuza mwalimu. Mtoto akihitimu chuoni, yaani chuo cha Kurani, wazazi humpelekea mwalimu wake kilemba: kanzu, nguo, fedha, na sinia la chakula juu yake. Mama yule amekua akiona hivyo, na yamkini anaona kakufanyia wewe yale ambayo wazee wake walimfanyia mwalimu wao.

Lakini tazama wakati. Kilemba huja mtoto akishahitimu, kazi imekwisha na hakuna tena cha kuombwa. Kitu kinachokuja wiki moja kabla ya mtihani kimesimama mahali pengine, hata kama moyo wa aliyekitoa ni safi kama maji ya kisima.

Mama huyo mwenyewe, ukimkumbusha, anaijua hadithi ya yule mtu wa kabila la Azd ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema: hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa babake na mamake, akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi za Mtume, na kwangu mimi ndiyo mizani bora kuliko zote. Jiulize: ungekuwa Voi, umekaa kwa mamako, huna darasa wala kalamu nyekundu, kikuku hiki kingekufikia? Sheria ya Kenya nayo inakwenda njia hiyo hiyo. Mtumishi wa umma, na mwalimu wa shule ya serikali ni mmoja wao, hatakiwi kupokea zawadi kwa mtu ambaye jambo lake liko mikononi mwake. Basi kesho asubuhi, kabla ya lolote, mweleze mwalimu mkuu faraghani. Mwambie ulichopewa, na kwamba unakirudisha siku hiyo hiyo. Hapo unajilinda wewe, na unamlinda mama yule pia, kwa kuwa jambo lililosemwa mapema mahali pake haliwi uvumi.

Sasa namna ya kukataa, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Kuna hadithi nyingine, pia ya Bukhari na Muslim. Swahaba aitwaye Sa'b bin Jaththama alimletea Mtume punda mwitu aliyemuwinda, naye Mtume alikuwa katika ihramu, hali ya mwenye kwenda kuhiji, ambayo mawindo hayaruhusiwi. Alimrudishia. Kisha akauona uso wa Sa'b umebadilika, akamwambia: hatukukurudishia ila kwa sababu tuko katika ihramu. Angalia alivyofanya. Hakusema neno juu ya zawadi, kwamba ni kubwa au ndogo, wala juu ya aliyeileta. Sababu aliiweka upande wake mwenyewe, ikiwa ya kweli, na aliitoa papo hapo alipouona ule uso, bila kumwacha mtu arudi kwake akijisumbua kwa maswali. Kukataa kwa adabu ni huko. Unakikataa kitu, na mwenye kitu unamvuta karibu zaidi kuliko alivyokuwa.

Nenda mwenyewe. Usimtume mtoto, maana utamtwisha siri ya watu wazima na ataibeba darasani. Usimwite mama langoni mwa shule, wala usimpitishie jirani yeyote, hata yule unayemwamini. Nenda baada ya Alasiri, wakati kazi za mchana zimekwisha na za jioni hazijaanza. Wapo watakaokushauri uende na mwalimu mwenzako awe shahidi. Mimi siungi mkono. Mtu wa tatu akiwapo, maneno yako yatageuka mashtaka, na mwalimu mkuu amekwisha kujua, inatosha.

Piga hodi, ngoja ukaribishwe, kaa. Uliza hali ya nyumba na wazee, na uulize kama mtu anayetaka jibu. Ukiletewa chai na mahamri, kunywa na kula. Ukikikataa kikuku na ukaikataa na chai, utakuwa umeikataa nyumba nzima. Kikombe kile cha chai ndicho kitakachomwonyesha kwamba humkimbii. Kisha, mkiwa peke yenu, mwambie maneno ya namna hii, kwa sauti ya kawaida:

“Mama Fulani, zawadi yako imenifikia na mapenzi yako nimeyapokea, hayo sikurudishii. Lakini mimi ni mwalimu wa mwanao, na kazi yangu hainipi ruhusa kushika kitu cha thamani kutoka kwa mzazi yeyote, awe nani. Tena siku mwanao akipata alama nzuri, sitaki mtu aje aseme alipewa. Nataka ziwe zake, aonekane kazifanyia kazi. Nakuomba unisaidie kwa kukipokea.”

Halafu kiweke mkononi mwake, kikiwa ndani ya kitambaa kile kile alichokileta nacho. Mkononi mwake, Mwalimu, si kwa mtu mwingine. Usidhani ni heshima zaidi kumkabidhi mumewe. Dhahabu ni yake, na huenda mume hajui kwamba imetoka kabatini. Utakuwa umemrudishia kikuku na kumwachia ugomvi.

Yapo maneno ya kuepuka. Usiseme kikuku hakikutoshi, kwa sababu atakipeleka kwa sonara na wiki ijayo kitarudi kimetengenezwa. Usiseme kwenu hamvai dhahabu, maana siku moja utaonekana umevaa herini. Uongo mdogo wa kumfurahisha mtu katika jambo hili huwa mrefu kuliko ukweli. Na lile neno “rushwa” lisikutoke kabisa. Hata ukiliambatisha na “najua hukukusudia”, litabaki ndani ya nyumba ile wewe ukishaondoka.

Atakukatalia. Atakataa mara ya kwanza na ya pili, na hiyo ndiyo adabu yake. Mwenye kutoa akikubali kurudishiwa kwa neno moja, ataonekana hakutoa kwa moyo. Usichoke na usibadilishe sababu. Ukianza kuongeza sababu ya pili na ya tatu, zote zitaonekana za kutunga. Rudia ile ile, taratibu. Kisha mfungulie njia ya kutoa kitu kingine, kwa sababu mtu aliyetaka kukutukuza akizuiwa kabisa hurudi na aibu. Mwombe dua, na uiombe kwa dhati. Au mwambie kwamba mwaka ukiisha na mtoto amefanya bidii, kikapu cha maembe mtakila walimu wote pamoja. Au kwamba akipenda kusaidia shule, darasa lina uhaba wa vitabu, na mwalimu mkuu hupokea kwa niaba ya wote na kuandika. Akishikilia hata baada ya hapo, usikiache juu ya kiti ukatoka mbio. Mwambie kwa upole kwamba basi utamkabidhi mwalimu mkuu, naye ndiye atakayemwita. Wengi wakifika hapo hukipokea.

Baada ya siku hiyo, ukimwona njiani, uwe wa kwanza kumwamkia. Yeye atakuwa anakuchungulia aone kama umebadilika. Mtoto naye umtendee kama jana, asipate ukali zaidi wala upole zaidi. Na usimsimulie mtu, hata miaka ikipita, hata bila kutaja jina. Mji huu ni mdogo na watu hujua kuunganisha.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa unaishi peke yako. Mzazi wa kiume akitaka kukupa kitu, hata kitu kidogo kisicho na lawama, mwambie ampe mkewe au mamake akuletee. Nawe vivyo hivyo, kitu cha nyumba ya jirani kipitie kwa bi mkubwa. Hapo hakuna atakayekuwa na la kusema.

Sasa tuje kwa jirani yako. Sidhani una kosa kubwa la kutubia, na nitakwambia kwa nini. Futari ilikoma kwa sababu Ramadhani ilikoma. Mwezi ule, karibu na Magharibi, vichochoro vyote vya mji hujaa watoto wamebeba mabakuli yaliyofunikwa kwa kawa: huyu mihogo ya nazi, huyu tambi, huyu kaimati, huyu sambusa. Kila nyumba hutoa na kila nyumba hupokea, na watu hutumia nafasi ile kwa kuwa malipo ya kumfuturisha mtu ni makubwa. Idi ikishapita, kila mtu hurudi kwenye jiko lake. Hakuna aliyekukatia.

Halafu tazama kalenda. Mwezi huu unaofuata Ramadhani tunauita Mfungo Mosi, na harusi nyingi zilizongoja mfungo uishe hufanywa kuanzia hapo. Jirani yako ametoka kwenye mwezi wa kupikia mtaa, ameingia kwenye maandalizi ya harusi bila kupumzika. Mama mwenye bibi harusi ndani ya nyumba huhesabu magunia ya mchele na mikebe ya samli hata akiwa anatembea. Salamu ya haraka haraka kichochoroni ndiyo salamu aliyo nayo kwa sasa. Na kubwa kuliko yote, amekualika. Angekuwa na kinyongo nawe, aliyetumwa kualika mlango kwa mlango angeupita mlango wako.

Hata hivyo hisia yako haikukudanganya kabisa. Hapa chombo hakirudi kitupu. Wewe ulirudisha bakuli safi, na kwa watu wengine usafi ungetosha, lakini mtoto akifika nyumbani na bakuli tupu, wa nyumbani hutupia jicho ndani yake. Alikusamehe kwa ugeni wako, nina hakika. Wewe huhitaji kwenda kuomba radhi kwa mabakuli ya mwezi mzima. Utamtia haya bure na utamlazimu akane kwamba aliona. Mwambie tu, siku mkikaa, kwamba futari yake ilikulea ugenini na mamako ameshapata habari. Neno hilo ataliweka.

Kuanzia sasa, bakuli likija, lirudi na kitu. Kitu hicho hakina haja ya kulingana na kilichokuja. Ndimu mbili tatu zinatosha, au kikombe cha sukari, embe, tende kiasi, kipande cha halua. Mtume aliwaonya wanawake wa Kiislamu wasikidharau cha kupeana na jirani hata kikiwa kwato ya mbuzi, na maana yake inakwenda pande zote mbili: usidharau unachopewa, na usijizuie kutoa kwa kuona ulicho nacho ni kidogo. Mtoto aliyebeba naye mkumbuke kwa biskuti au pipi. Amevuka kichochoro kwa ajili yako.

Kosa ninaloliona kwa wageni wengi waungwana ni la upande wa pili. Wakipewa sahani ya sambusa leo, kesho wanarudisha sinia la kuku. Wanaona wamefanya vizuri, na jirani anabaki kimya. Kurudisha papo hapo, tena kwa kupita kiasi, ni kulipa deni ili usidaiwe, na mtu asiyetaka kudaiwa na jirani ni kama hataki jirani. Acha siku zipite. Deni dogo kati ya nyumba na nyumba ndilo linalofanya watoto wawe na sababu ya kupiga hodi. Kurudisha pesa kwa chakula sitalizungumzia, naamini hukulifikiria.

Kuhusu dini yako. Wewe ni Mkristo na majirani zako ni Waislamu, na wapo ambao hawatakula nyama iliyopikwa jikoni mwako, kwa ajili ya mchinjo na kwa ajili ya vyombo. Usilitie moyoni. Hakuna chuki ndani yake, na wengine huona haya hata kukueleza, wakakipokea chakula kisha wakampa mtu mwingine. Waondolee taabu hiyo kwa kupeleka vitu visivyo na shaka: matunda, mayai, asali, majani ya chai, sukari, mchele, nazi. Samaki mbichi kutoka sokoni ni zawadi nzuri sana, hana suala la mchinjo. Ukitaka kutoa manukato, chagua udi au mafuta ya asmini badala ya yale ya kupuliza yaliyochanganywa na spiriti. Nawe ukiletewa chakula usichokiweza, kipokee kwa mkono wa kulia, shukuru, kisha tafuta wa kumpa, asiwe wa mtaa huo huo. Ikiwa ni daktari aliyekukataza, sema kweli mapema ili watu wajue. Ugonjwa wa sukari kila nyumba inaujua, hakuna atakayekasirika.

Shule ikifungwa utakwenda kwenu. Hapo una nafasi nzuri kuliko zote. Ndizi na maparachichi ya milima ya Taita hayana mfano huku kwetu, na mtu akiletewa kitu kilichotoka kwa wazazi wa mgeni wake hukiona kikubwa. Chagua maparachichi magumu. Kutoka Voi hadi Mombasa, kisha basi la Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, halafu boti, yaliyoiva yatafika uji. Unapokwenda, mpelekee mamako halua ya Lamu, na unaporudi umwambie jirani: mama ameila na anakusalimu. Salamu hiyo usiidogoshe. Bi mkubwa amekulisha akijua una mama mahali fulani ambaye usiku anajiuliza umekula nini, na kusikia kwamba mama huyo amejua ndiyo shukrani itakayomgusa.

Tumebakiwa na harusi. Nimekuwa nikisomesha wari, wasichana wanaokaribia kuolewa, na kusimamia shughuli hizi kwa umri wangu mwingi, na nikiulizwa zawadi ya kwanza ya harusi ni nini, jibu langu ni mikono. Nenda siku mbili tatu kabla. Mchele una mawe wa kuchambuliwa, vitunguu saumu vya kumenywa, nazi za kukunwa. Usiulize kama unahitajika, kwa kuwa ataapa kwamba kazi imekwisha. Ingia, amkia wakubwa, kisha sema: “Bi mkubwa, nimekuja kuchambua mchele, nikae wapi?” Atakuonyesha mahali. Saa mbili za kukaa mkekani na wanawake wa mtaa zitakupa majina ya watu, habari za nani ni nani, na wao watakujua wewe ni nani. Aliyekuja kuchambua mchele hakai tena pembeni siku ya harusi.

Ya pili ni kitu chenyewe. Doti ya leso haijawahi kukosea, ila soma jina lake kabla ya kulipa. Usinunue kwa kupenda rangi tu. Leso inasema, na wanawake wa Lamu ni wasomaji wakali wa leso. Ukimpelekea mama wa bibi harusi leso iliyoandikwa “Hasidi hana sababu”, atakaa usiku kucha akijiuliza ni nani aliyemsengenya kwako. Chagua yenye dua au yenye pongezi, na ikikutatiza mwulize mwenye duka, mwambie ni ya harusi na ni ya nani. Leso ni mbili, usipeleke moja. Zaidi ya leso, shuka za kitanda ni nzuri, seti ya vikombe ni nzuri, udi na chetezo ni vizuri zaidi.

Bahasha ya fedha pia inakubalika, na kwa mshahara wa mwalimu anayeanza usijione mnyonge. Wazee wamesema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini andika jina lako juu ya bahasha au ndani ya kifurushi. Nyumba nyingi huweka daftari la nani katoa nini, ili siku yako ya furaha ikija nao wakukumbuke kwa kadiri hiyo. Ukitoa bila jina ukidhani ni unyenyekevu, unawanyima nafasi ya kurudisha. Na usitoe zaidi ya shangazi na mama wadogo wa bibi harusi. Wapo waliokwisha kopa ili waonekane, nawe ukija mgeni na bahasha nene utawavunja miguu. Mambo ya kilemba cha harusi na mkaja, zawadi wanazopewa baba na mama wa bibi harusi, na kipa mkono anachopewa bibi harusi na bwana harusi, ni ya familia mbili kati yao. Ukisikia yanajadiliwa, sogea.

Kifurushi au bahasha mpe mama mwenyewe kabla ya siku ya shughuli, kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili. Usingoje kumpa bibi harusi akiwa amepambwa. Wakati ule hana mkono wa kupokea wala akili ya kukumbuka. Mama akikwambia “ungeacha mwanangu, kwa nini kujisumbua”, usieleze kwamba hakikuwa ghali. Jibu kwa dua: Mungu awape kheri na kizazi chema.

Siku ya wanawake, vugo, ngoma yao ya harusi, likipigwa na nyimbo zikikolea, utaona watu wanainuka kutunza. Chukua noti ndogo ndogo, za hamsini na za mia, zilizonyooka. Tazama wenzako wanavyofanya, kisha fanya vivyo: unampa mtu mkononi au unamwekea taratibu, hutupi. Ukiwa huna, piga vigelegele, navyo vinahesabiwa. Mwaliko wa harusi ya hapa huwa wa siku kadhaa. Ikiwa kazi haikuruhusu zote, mwambie bi mkubwa mapema ni siku ipi utakuja, usimwache akiangalia mlango.

Simu iache nyumbani, au iwe ndani ya mkoba tangu unapoingia mpaka unapotoka. Wanawake mle ndani wamevua buibui, na picha moja inayotoka nje inaweza kuharibu nyumba ya mtu. Na wakati wa kuondoka, ukifungiwa pilau ya kwenda nayo, usiseme umeshiba. Ichukue, asubuhi uile kabla ya kwenda shuleni.